Gari la Michezo la Mama Mkubwa

Nilipohamia kwa Mama Mkubwa, gari lilikuwa linakaliwa na kuku. Lilikuwa uani, kati ya jiko na bafu, chini ya turubai lililofifia hata rangi yake ya kwanza isijulikane, na tetea mmoja mwekundu alikuwa anaatamia kwenye kiti cha dereva. Mama Mkubwa alimwinua kwa mikono miwili, akamweka kando bila kumkemea, kisha akalivuta turubai kwa mkupuo mmoja, kama muuza vitambaa anayekunjua jora mbele ya mteja mgumu.

"Haya, msomi," alisema. "Sema unachokiona."

Niliona kigari cha Kiingereza cha viti viwili, kisicho na paa, kifupi hata ukisimama kando yake ukingo wa mlango hauzidi mapaja. Boneti lilikuwa refu kuliko sehemu nyingine zote zikijumlishwa. Magurudumu yalikuwa ya spoki, kama ya baiskeli. Kutu ilikuwa imekula bodi kuanzia chini kwenda juu, jinsi maji yanavyopanda kwenye ukuta wa udongo. Niliona pia, na hili sikulisema, kitu ambacho kwa maoni yangu hakingetembea tena. Wakati ule niliona mambo mengi kwa namna hiyo.

Tasnifu yangu ya shahada ya uzamili ilikuwa imerudishwa na watahini, pamoja na maelekezo ambayo kila nilipoyasoma yalizidi kupingana. Mikono ilianza kutetemeka nikishika kalamu. Daktari alishauri nishuke kutoka chuoni Mlimani nikapumzike mahali penye watu, na mahali penye watu niliokuwa nao ni Kariakoo, nyumbani kwa dada mkubwa wa mama yangu. Fani yangu ilikuwa istilahi: nilichunguza namna Kiswahili kinavyoyapa majina mambo yanayokuja kutoka nje, na nilikuwa nimechunguza hadi nikawa siwezi kutamka neno bila kulitilia shaka. Niliweza kukaa barazani asubuhi nzima nikijiuliza kama mtu "anapanda" ngazi na "anapanda" mbegu kwa kitenzi kimoja au viwili.

Mama Mkubwa hakuwa na muda wa mambo hayo. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyovuka barabara bila kujitahidi. Alishona pale pale barazani, sindano mbili zikiwa zimechomekwa begani tayari kwa kazi, huku akiwajibu wapita njia wawili au watatu kwa pamoja. Mumewe, ambaye mimi nilimwita Baba Mkubwa, alikuwa makanika katika shamba la mkonge huko Lindi. Mashamba yalipotaifishwa, meneja Mwingereza aliondoka akamwachia kigari kile, kibovu, kama shukrani. Baba Mkubwa alikileta Dar es Salaam kikiwa juu ya lori. Akaichomoa injini, akaifungua yote, akaisafisha na kuifunga upya, akaizungushia blanketi lililopakwa grisi. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Alifariki kabla ya kuirudisha ndani ya gari.

"Moyo ameshautengeneza," Mama Mkubwa aliniambia. "Kilichobaki ni nguo. Na nguo nani anashona humu ndani?"

Nilidhani anatania. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananieleza mpango wa kazi.

Ilikuwa miaka ya kukosa. Vipuri havikuwapo, na vilipokuwapo havikuwa vya gari lile. Sabuni yenyewe ilikuwa habari ya mtaa mzima. Watu waliokuwa na shati moja zuri walimletea Mama Mkubwa alibadilishe kola: anaifumua, anaigeuza upande uliochakaa ukaingia ndani, anaishona tena, na shati linapata miaka mingine. Alikuwa mahiri wa kazi hiyo. Kwa hiyo alipovitazama viti vya gari, ambavyo ngozi yake ilikuwa imepasuka na kuchafuliwa na kuku, hakuona ngozi iliyokufa. Aliona kola. Akaifumua mshono kwa mshono, akaigeuza, na upande wa ndani ulikuwa bado laini, rangi ya chai ya maziwa. Akaishona kwa mkono, kwa sababu cherehani ilikataa unene ule, huku akiitukana kwa upole kila sindano ilipogoma. Hadi leo sijawahi kuona viti vizuri kuliko vile.

Bodi aliipima kwa tepu. Alizunguka gari akiwa na pini midomoni, akaniamuru niandike: kifua, kiuno, nyonga. Nilimuuliza kiuno cha gari ni wapi. "Pale linapobana," alijibu. Kila sehemu iliyooza aliikatia ruwaza kwa karatasi za kaki, akazipeleka mtaa wa Gerezani kwa mafundi wa bati, wale wanaotengeneza ndoo, vibatari na masanduku kwa mapipa yaliyopasuliwa.

"Mama," fundi alimuuliza akigeuzageuza karatasi, "hii suruali au mlango?"

"Suruali ya gari. Na uniachie pindo."

"Bati haliachiwi pindo."

"La kwako. La kwangu linaachiwa."

Fundi alicheka hadi akaketi, lakini pindo aliliacha, na likafaa, kwa sababu lilikunjwa juu ya ukingo wa zamani likakaa bila kuhitaji kuchomelewa kila mahali. Si kila kitu kilifaa. Kwa bawa la mbele la kushoto, lile linalofunika gurudumu, Mama Mkubwa alichukua ruwaza ya kulia akaigeuza tu, jinsi anavyogeuza ruwaza ya mkono wa gauni. Bati lilirudi limefuliwa na kupindwa vizuri kabisa, likakataa kukaa. Upande mmoja lilizidi, upande wa pili lilipungua. Nilikuwa tayari kumpa maelezo kadhaa, likiwemo la kwamba karatasi hunyonya unyevu wa hewa. Yeye alirudi nyuma hatua chache, akalitazama gari kutoka mbele, kichwa kimeinama upande, jinsi anavyomtazama mteja aliyevua koti.

"Kumbe nalo lina bega moja chini!" akasema, akapiga makofi. "Kila binadamu analo. Na mimi nililionaje hili kuwa malaika?"

Gari lilikuwa limewahi kugonga kitu zamani, huko kwenye mkonge, na fremu ikapinda kidogo. Alikata ruwaza mpya, ya bega lililoshuka. Furaha yake kwa kugundua kosa lile ilinishangaza sana. Mimi kosa lilikuwa limenishusha mlima. Yeye lilimfanya aimbe hadi saa ya chakula.

Balozi alikuja wakati mlango mmoja wa gari ukiwa bado umelala chini. Balozi wetu, yaani mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa muuza dagaa sokoni, mtu mfupi, mnyofu, mwenye filimbi shingoni aliyoipenda kupita kiasi.

"Hodi humu!"

"Karibu, Balozi. Pita, ila usikanyage mlango."

"Mlango gani?"

"Huo ulio chini ya kiatu chako."

Balozi akaruka pembeni. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia "Marahaba" bila kuliondolea gari macho.

"Mama, nimekuja kikazi."

"Najua. Ungekuja kirafiki ungekuwa umeshakaa."

Akakohoa. Tawi la chama, alisema, limeagiza nyua zote zisafishwe kabla ya siku ya michezo ya vijana pale Mnazi Mmoja. Vyuma visivyofanya kazi vitabebwa na lori, vikayeyushwe, vitengenezwe majembe.

"Majembe ni kitu kizuri," akaongeza.

"Nani kabisha? Lakini hili si chuma, ni gari."

"Gari hutembea. Hili limetembea lini?"

Mama Mkubwa aliweka mkono juu ya boneti, mahali ambapo chini yake palikuwa patupu, kwa maana injini ilikuwa bado chumbani kwake, ndani ya blanketi, kando ya kitanda. Ndipo nikaelewa nini kingepandishwa kwenye lori lile: mahali pekee pa kuirudisha kazi ya mwisho ya Baba Mkubwa.

"Tena watu wanasema," Balozi aliendelea, akishusha sauti, ingawa uani tulikuwa watatu na tetea. "Wanasema mama anatengeneza gari la mabepari. Wanauliza, naizi, mrithi wa vya wazungu, amezaliwa lini mtaani kwetu? Hata neno kupe limetajwa."

"Kupe ananyonya, Balozi. Hapa ninayenyonywa ni mimi, na anayeninyonya ni hili gari. Likamate."

Balozi alijitahidi asicheke. Akalizunguka, mikono nyuma. "Hebu nielezeni basi, nipate la kuwaambia. Hili ni gari la kazi gani? Mizigo halibebi. Watoto hawaenei. Mvua ikinyesha unalowa. Ni gari la nini?"

"Marehemu alikuwa akiliita spoti," alisema Mama Mkubwa.

"Spoti ndiyo nini?"

Wote wawili wakanigeukia mimi. Nakiri kwamba nilifurahi. Ulikuwa muda mrefu sijaulizwa kitu ninachokijua. Nilipitia uwezekano wote kwa haraka. "Gari la mwendo kasi" lingeeleza sifa moja tu na kuiacha nyingine. "Gari la starehe" lingetupeleka moja kwa moja kwenye lori. "Gari la fahari" vivyo hivyo. Nikaona salama zaidi, na pia sahihi zaidi kwa mujibu wa asili ya neno, ni kutafsiri kama lilivyo.

"Michezo, Ndugu Balozi," nilisema. "Ni gari la michezo."

Uso wa Balozi ukafunguka wote.

"La michezo! Sasa jambo kama hilo mnalifichia nini chini ya turubai?"

"Balozi," nilianza, "kwa kweli maana yake hapa si hasa..."

"Mwanangu, maana yake naijua. Gari la wagonjwa linabeba wagonjwa. Gari la taka linabeba taka. Gari la abiria?"

"Abiria," nilisema.

"Haya. Gari la michezo?"

Nilifungua kinywa nimsahihishe, na Mama Mkubwa akanikanyaga mguu. Hata bila mguu ule sijui ningesema nini. Usiku nililala nikilitafakari jambo hilo na kila njia niliyoishika ilinirudisha kwa Balozi. Kile kiungo kidogo, "la", hakisemi kama kitu ni cha aina fulani, au ni cha kufanyia kazi fulani, au ni mali ya fulani. Kinaunga tu, na kumwachia msikilizaji afikiri. Mwingereza aliyelipa gari lile jina alikuwa na maana yake. Lakini katika Kiswahili, kwa mfano wa magari yote aliyoyajua, Balozi alikuwa amefikiri barabara. Nilikuwa nimeandika sura nzima ya tasnifu kuhusu maneno yanavyohama lugha, na sikuwa nimewaza kwamba neno likishavuka mpaka huanza kazi mpya kama mtu yeyote aliyehamia mjini.

Siku chache baadaye Balozi alirudi na uamuzi wa tawi. Gari la michezo litawaongoza wanamichezo wa mtaa wetu kwenye maandamano hadi uwanjani. Tawi litatoa kibali cha petroli. Litatoa na rangi.

"Lakini liwe linatembea lenyewe, mama. Nimeshasimama mbele ya wenzangu nikasema linatembea. Likisukumwa, basi ni chuma kama chuma kingine, na lori litakuwepo palepale uwanjani. Hapo hata mimi sitakuwa na la kusema."

"Hutahitaji kusema," alijibu Mama Mkubwa. "Litasema lenyewe."

Balozi alipoondoka, Mama Mkubwa alijiketisha juu ya tairi akaufuta uso kwa upande wa kanga. "Breki hatuna," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kila kitu ninaweza kushona. Mipira ya breki haishoneki."

Mpango wa kuipata mipira hiyo ulikuwa wake pia. Tulikwenda Upanga, tukapanda ngazi za jengo moja la ghorofa hadi kwa mzee wa Kihindu aliyekuwa akimuuzia nyuzi na vitambaa tangu alipofika mjini. Mlangoni palikuwa na shada la maua ya njano, na ndani harufu ya ubani. Mzee huyo alikuwa na gari la Kiingereza ujanani, si kama letu, lakini la kiwanda kilekile, na Mama Mkubwa alikumbuka kwamba hakuwa mtu wa kutupa kitu. Mzee alimsikiliza, akaingia chumbani, akakaa huko hadi chai yetu ikapoa. Alirudi na kopo la poda ya watoto. Akalifungua, akapuliza, na ndani ya ile poda nyeupe zilikuwamo pete ndogo nyeusi za mpira, laini, kama zimetoka kiwandani jana.

"Mpira kama mtoto mchanga, mama," alisema. "Bila poda unapata upele."

"Na wewe ulizaa lini watoto wadogo hivi?"

Mzee akacheka, kifua kikikoroma. Alipotusindikiza ngazini aliomba jambo moja tu: siku gari likitembea, lipite taratibu karibu na duka lake asikie mlio. Mama Mkubwa aliahidi, na kwa kuwa ninamfahamu, najua alikuwa ameshaanza kupanga njia.

Injini ilirudi mahali pake siku ya Ijumaa, baada ya sala. Makanika mmoja wa Ilala, rafiki wa marehemu, alikuja na mnyororo, na majirani wakaibeba kwa boriti mabegani, wakiimba kama wanavuta jahazi ingawa hakuna aliyewahi kuvuta hata ngalawa. Mama Mkubwa alilifunua blanketi mwenyewe. Grisi ilikuwa imeganda kuwa rangi ya asali, na juu yake, kwenye mfuniko wa injini, ilionekana alama ya vidole vya mtu, vilivyopita mara moja vikipaka. Aliitazama alama ile muda mfupi, kisha akaifuta kwa kitambaa pamoja na grisi nyingine. "Twende," alisema. "Pole pole upande wa kushoto, bega limeshuka."

Rangi ya tawi ilikuwa kijani, ile iliyobaki baada ya kupaka ofisi. Tuliipaka kwa brashi na kuisugua kwa msasa na maji, tukaipaka tena, mpaka kwa mbali ungeapa kwamba imepuliziwa. Mikono yangu, sijui ilianza siku gani, haikutetemeka tena katika kusugua. Makanika wa Ilala alirekebisha kabureta, akasikiliza, akarekebisha tena. Injini ilipowaka ilikohoa moshi wa bluu, kuku wote wakapanda ukutani, na kisha ikatulia katika mngurumo mzito, wa chini, ambao haukulingana kabisa na udogo wa gari. Mama Mkubwa alisimama pale akiwa amefumba macho. "Kumbe ndiyo sauti yake," alisema. Hakuwa ameisikia kabla ya hapo.

Asubuhi ya michezo tulitoka kwa mlango wa nyuma, kupitia kichochoro. Mama Mkubwa alishika usukani. Alijifunza udereva Lindi kwa lori la mkonge, na aliketi ndani ya kigari kile vilevile, mgongo umenyooka, viwiko nje, kana kwamba nyuma yake kuna shehena. Mimi nilikaa kando yake na dumu la maji mapajani. Nyuma yetu walijipanga vijana wa mpira, wasichana wa netiboli, wakimbiaji wa mbio ndefu, na bendi ya tarumbeta. Mbele yetu, hatua chache tu kutoka boneti, alisimama Balozi na bendera. Alipuliza filimbi, akaanza kutembea.

Hapo ndipo tulipogundua tulichokuwa hatukukifikiria, sisi wote, pamoja na makanika wa Ilala. Gari lile lilitengenezwa kukimbia. Rejeta yake ilipozwa na upepo wa mwendo, na mwendo tuliopewa ulikuwa wa mguu wa Balozi, ambaye siku ile aliona heshima ya mtaa mzima iko katika kutoharakisha. Tulipita maduka ya vitambaa, watu wakishangilia. Yule mzee wa Upanga alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, mkono nyuma ya sikio. Mshale wa joto ulikuwa umeshapita katikati.

"Balozi, ongeza mguu!" Mama Mkubwa aliita.

"Mwendo wa heshima, mama!" alijibu bila kugeuka.

Tulipofika ukingoni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja mshale ulikuwa kwenye rangi nyekundu na harufu ya maji yanayochemka ilikuwa imeanza kutoka chini ya boneti. Nililiona lori. Lilikuwa limeegeshwa kando ya uwanja, tayari limebeba vitanda vya chuma, mapipa, na fremu za baiskeli, na wapakizi wake wakitutazama. Nilifikiri haraka, na kama kawaida yangu nilifikiri pande zote kwa wakati mmoja. Tukizima injini, itabidi tusukumwe. Tukisukumwa, mbele ya lori lile, neno la Balozi litasimama kama alivyolisema. Tukiendelea, injini itakwama, na kazi ya mwisho ya Baba Mkubwa itakufa mara ya pili, tena mikononi mwa mkewe. Nilikuwa naandaa namna ya kumweleza haya yote kwa mpangilio, aliponigeukia.

"Shika bati," alisema.

Akapiga honi. Balozi akaruka na kugeuka, bendera juu.

"Panda!" Mama Mkubwa alimpigia kelele.

"Nipande wapi? Viti viwili!"

"Nyuma yetu! Kalia mgongo wa gari! Panda, mwanamume, au nikupite!"

Sijui nini kilimpandisha Balozi, utii au woga, lakini alipanda. Alikalia ukingo wa nyuma ya viti, miguu yake kati yetu, mkono mmoja begani kwangu na wa pili ukiishika bendera, na kabla hajatulia Mama Mkubwa alikuwa ameachia klachi. Kigari kiliruka. Boneti lile refu likainuka kidogo kama pua, mngurumo ukapanda, na upepo ukatuingia kifuani. Tuliuacha mwanzo wa maandamano, tukaingia kwenye nyasi, tukaanza kuuzunguka uwanja. Balozi alikuwa amesahau filimbi mdomoni, na kila tulipopita tuta ilijipuliza yenyewe.

Niligeuka nione fedheha tuliyoiacha nyuma. Vijana walikuwa wamesimama, wakitazamana. Kisha mmoja wa wakimbiaji wa mbio ndefu akatoka mbio. Akafuatwa na wa pili. Na mara maandamano yote yakavunjika kuwa mbio: wachezaji mpira, wasichana wa netiboli wakishika viatu mkononi, hata mpiga ngoma wa bendi na ngoma yake tumboni, wote wakilikimbilia gari kwa vigelegele. Umati kandokando ulidhani ndivyo ilivyopangwa. Ulisimama ukapiga makofi. Mama Mkubwa hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anautazama mshale, na mshale ulikuwa unashuka, kidogo kidogo, kila upepo ulipoingia kwenye rejeta, na usoni mwake niliona kitu ambacho mpaka leo sina istilahi yake na sikitafutii.

Tulizunguka tena. Kisha akalipeleka gari moja kwa moja mbele ya jukwaa la viongozi na kulisimamisha, breki zikishika bila mlio. Injini ilinguruma kidogo, akaizima yeye mwenyewe, kwa hiari yake.

Balozi alishuka kwa kushikilia kila kitu kilichoshikika. Dereva wa lori alikuwa ameshafika, akiifuta mikono.

"Mwenyekiti wetu ameuliza," alisema, "hapa kuna cha kubeba?"

Balozi alivuta pumzi. Alilitazama gari, akautazama umati, akawatazama vijana waliokuwa wanafika mmoja mmoja, wakihema na kulishikashika boneti.

"Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya mkutano, "nenda na lori lako. Hili ni gari letu la michezo. Halichukuliwi."

Watu walishangilia. Mimi nilisikia lile neno "letu" na moyo ukanishtuka; nilianza papo hapo kupima matokeo yake yote, ya leo na ya miaka ijayo. Mama Mkubwa naye alilisikia. Niliona nyusi moja ikipanda. Alishuka, akafungua boneti, mvuke ukatoka, akalichukua dumu mapajani mwangu akalitikisa. Lilikuwa tupu, maji yote yalikuwa yamemwagika miguuni mwangu.

"Ni letu, Balozi?"

"Letu, mama. Mtaa mzima umeona."

"Vizuri sana," alisema, akamkabidhi dumu. "Basi kachote maji."

Balozi alilitazama dumu, akamtazama yeye, akaipachika bendera kwenye mlango wa gari. Kisha akaondoka kuelekea bombani, mbele ya watu wote, kwa mwendo wa haraka kuliko wowote aliokuwa ametembea asubuhi ile.